Chokaa ya Jumba la Bibi Somoe

Rahaleo, Mtwara
8 Julai 2024

Mama Sharifa, shikamoo.

Nimefika salama, ila mgongo wangu bado uko kwenye gari la Hemedi. Nilikaa juu ya makasha ya barafu kutoka hapo Namtumbuli mpaka mjini, nikashuka ninanuka samaki hadi kwenye nywele. Jirani yangu ameniuliza kama nimeacha ualimu nikaingia biashara ya changu na tasi.

Asante kwa likizo nzima. Asante kwa chumba, kwa viazi pori vya ming'oko, kwa ugali wa muhogo, na kwa kunivumilia asubuhi zote nilizokaa mbele ya Jumba lenu na brashi mkononi. Najua watu walisema. Nilimsikia mmoja akimuuliza Sharifa kama nimefukuzwa kazi.

Ngoja nikueleze tena nilichokuwa nafanya, maana siku ile ulikuwa unatwanga na nadhani hukunisikia. Chuoni mwalimu wetu wa uchoraji alituonyesha picha za zamani za Wazungu. Nguzo za mawe zimeanguka, miti imeota juu ya kuta, na chini yake mchungaji amejilalia, mbuzi wake wanakula majani kwenye mlango wa mfalme. Nyuma kuna mto na mashamba mpaka macho yanachoka. Nikajiuliza, kwani sisi hatuna mawe yaliyoanguka? Hatuna mbuzi? Nimetafuta mahali pa kuchora picha kama hiyo kwa miaka. Halafu nikaliona jumba la mawe la bibi yenu Somoe, halina paa, mtini umepasua ukuta, na Ruvuma inang'aa nyuma ya mikoko. Nikajua ndilo.

Novemba wachoraji wa Kusini tunafanya maonyesho hapa mjini, na kwa mara ya kwanza nimepewa ukuta wangu mwenyewe. Katibu anataka magofu. Picha ile ndiyo nitakayoitundika. Nisipoipeleka, ukuta utachukuliwa na mwenzangu Elisha, nami nitaendelea kuchora mapafu na figo ubaoni kwa niaba ya mwalimu wa bayolojia.

Kwa kuwa haikuenea garini, naomba ikae sebuleni kwako mpaka nitakapokuja kuimalizia kwenye likizo fupi ya Septemba. Tafadhali isiegemezwe karibu na jiko.

Nimeandika kwa sababu simu zenu huko zinameza nusu ya kila neno. Hemedi akija na barafu atakuletea, na jibu umpe yeye.

Mwanao,
Modesta Mgaya


Namtumbuli
21 Julai 2024

Mwalimu mwanangu, marahaba. Sharifa anakusalimu, jirani Bakari anakusalimu, na wote uliowaacha hapa ni wazima, alhamdulillahi.

Picha yako ni nzima pia. Tangu niiweke sebuleni, nyumba yangu imekuwa kama zahanati siku ya kliniki. Watu wanaingia, wanavua viatu, wanakaa, wanatazama. Wote wanausifu mkono wako. Mto ndio wenyewe. Mikorosho ndiyo yenyewe. Hata beberu mweusi wa Bakari mwenye pembe moja wamemjua, na Bakari amekuja kukaa mbele yake mpaka adhana ya magharibi.

Lakini nina neno, mwanangu. Hao mbuzi umewalaza kizingitini pa Bibi Somoe. Umechora mpaka vinyesi vyao. Mtini umeupa majani mazuri kuliko mti wowote hapa kijijini, na ukuta umeupasua kwa raha kabisa. Na hawa ng'ombe ni wa nani? Hapa kwetu ng'ombe tunamwona siku ya Iddi tu, tena akiwa vipande.

Ningenyamaza, ila mwisho wa Septemba watu wa Nanyamba wanakuja kumposa Sharifa. Kijana anaitwa Nassoro, ana shamba lake la mikorosho, hana kelele. Sharifa amemridhia, na mimi nimemridhia. Ila neno la mwisho ni la mjomba wa Nassoro, Mzee Hamisi Nampoto, na mzee huyo anauliza ukoo kabla hajauliza hali. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo atakayeulizwa ni mimi. Nami nimeshamtamkia mshenga kwamba sisi ni watu wa Jumba, jumba la mawe, lililojengwa kabla Mjerumani hajaja. Sasa waingie sebuleni kwangu wakaribishwe na jumba lenyewe likiwa zizi?

Nimeigeuza picha ikatazama ukutani. Sharifa akaigeuza tena. Tumeshinda tukigeuzana hivyo wiki nzima.

Nauliza tu, sitaki ugomvi. Picha hairekebishiki? Ukuta ukasimama kidogo, mbuzi wakarudi kwao?

Mama yako,
Rukia Salumu


Rahaleo, Mtwara
4 Agosti 2024

Mama, shikamoo.

Hongera kwa Sharifa! Nimefurahi mpaka nimemsimulia jirani ambaye hata hamjui. Huyo Nassoro asiye na kelele atazipata zote kwa mkewe.

Kuhusu picha nimecheka, halafu nikaona si jambo la kucheka. Mama, kurekebisha siwezi. Mchoraji anachora anachokiona. Nikianza kuwanyooshea watu kuta zao nitakuwa mwongo mwenye brashi. Jumba lingekuwa jeupe, ningelichora jeupe. Lingekuwa na paa, ningeliwekea paa. Nimekuta gofu nikachora gofu, na kwa macho yangu hapo ndipo uzuri wake ulipo.

Ng'ombe nakiri. Nimewatoa kwa baba yangu, Njombe. Picha za namna hii huwa na mifugo mikubwa na beberu wa Bakari peke yake hakutosha. Wasamehewe, hawali mihogo ya mtu.

Watu wa Nanyamba wakiuliza, waambie hiyo ni sanaa.

Mwanao,
Modesta


Namtumbuli
25 Agosti 2024

Mwalimu mwanangu, marahaba.

Nimekuelewa. Nimekuelewa vizuri kuliko unavyodhani.

Barua yako niliwasomea kina mama tulipokuwa tumepumzika baada ya kupulizia mikorosho salfa. Tulikuwa njano tupu mpaka kwenye kope. Nikawasomea pale unaposema mchoraji anachora anachokiona, wakanitaka nirudie, nikarudia. Wote wamesema mwalimu hana kosa hata kidogo. Kosa liko upande wetu.

Basi sitakusumbua tena juu ya ukuta wala mbuzi. Wewe njoo kama ulivyopanga. Ukiona moshi upande wa pwani usiulize. Ukiona mikono yangu imebabuka usiulize. Hemedi nimemwapisha asikwambie kitu, na namsikitikia maana mdomo wake haujazoea kufungwa.

Ila njoo na rangi za kutosha. Hasa zile nyepesi nyepesi.

Mama yako mwenye furaha,
Rukia Salumu


Rahaleo, Mtwara
9 Septemba 2024

Mama, shikamoo.

Samahani kwa kuondoka asubuhi na mapema bila kukuaga vizuri. Nilikumbuka kuna shughuli shuleni inayonihitaji. Picha nimeiacha palepale ilipokuwa.

Jumba limependeza. Mmefanya kazi kubwa.

Simu yangu ilidumbukia majini nilipokuwa napanda gari pale ufukweni, iko kwa fundi Magomeni na fundi anatikisa kichwa. Kwa hiyo nitafute kwa barua tu.

Msalimie Sharifa.

Modesta


Namtumbuli
13 Septemba 2024

Mwalimu mwanangu, marahaba.

Usione haya, nimekwisha kujua kilichokukimbiza. Baada ya wewe kuondoka nilitazama kwenye kile kisanduku chako cha rangi, nikaona ile nyeupe umeikamua mpaka imekuwa bapa. Nikamwambia Sharifa, masikini, mwalimu alivyoona ukuta wote ule mweupe akajua rangi haitamtosha, amekimbilia mjini kununua. Ungesema tu! Nimekuwekea debe zima la chokaa pembeni, kama itakubali kwenye kitambaa.

Sura yako ulipoliona Jumba sitaisahau. Ulisimama mdomo wazi. Kina mama wanaigiza mpaka leo, mmoja anakuwa wewe, mwingine anakuwa ukuta, na tunacheka mpaka tunashikana.

Na bado hukuona yote. Mtini tumeung'oa na mizizi yake, shimo tumeliziba kwa mawe na udongo, nyufa tumezijaza, kisha chokaa juu. Mbuzi wakisogea tu wanafukuzwa. Bakari amenuna, ila atazoea.

Wageni wanafika Jumamosi ya tarehe ishirini na nane. Njoo kabla ya hapo utie weupe kwenye picha, ili wakiingia sebuleni waione, wakitoka nje waone ileile.

Ila uji wako uliuacha kikombeni. Hilo sikulielewa.

Mama yako,
Rukia


Rahaleo, Mtwara
16 Septemba 2024

Mama Sharifa, shikamoo.

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Hakuna shughuli yoyote shuleni. Na rangi nyeupe ninayo.

Niliondoka kwa sababu nililia, na sikutaka unione. Nilifika na hamu yangu yote, nikapita kona ya mikorosho, nikakuta Jumba jeupe kama choo cha shule mpya. Mtini hakuna. Nyufa hakuna. Rangi zile za kijani na kahawia ambazo mvua za miaka zilipaka kwenye mawe, nilizokuwa nazifukuzia kwa wiki nzima bila kuzipata sawasawa, hakuna. Picha yangu ilikuwa imebaki nusu na mmeiua ikiwa nusu. Novemba nina ukuta mzima na sina cha kuweka.

Najua mlifanya kwa nia njema. Lakini kwa nini hukuniuliza, Mama? Lilikuwa zuri lilivyokuwa.

Nimeumia na nimeona nikwambie.

Modesta


Namtumbuli
20 Septemba 2024

Mwalimu,

Nashukuru kwa ukweli, ingawa ulipita njia ndefu kufika.

Barua yako nimeisomea jikoni na kisamvu kimeungua. Unasema tumeua picha. Sisi tuliokota makombe ya chaza pwani, tukayachoma, tukabeba maji kichwani ya kuzimulia chokaa, tukapanda ngazi wanawake wazima na magoti yetu mabovu. Unajua kwa nini? Hapa kwetu binti akija kuposwa, wanawake wa ukoo wake hupaka nyumba ya mama yake kabla wageni hawajakanyaga uwanja. Mimi nilipakiwa. Mama yangu alipakiwa. Na Jumba ni nyumba ya mama yetu sote, lakini halikuwahi kupakwa tangu mama yangu yuko mgongoni, kwa kuwa kila mtu alisema hilo ni gofu, liacheni. Na mimi nilisema hivyohivyo. Nilikuwa napita pale na kuni zangu kila siku na silioni. Ulipokuja wewe ukakaa mbele yake asubuhi baada ya asubuhi, ndipo na mimi nikaliona. Nikadhani ndicho ulichokuwa unatuambia.

Sasa nakuuliza na wewe. Ungemkuta mama yako Njombe amevaa gauni lililochanika begani, ungechukua brashi au ungetafuta sindano? Kwa nini sisi tuwe wazuri tukiwa tumebomoka tu?

Picha yako hii hapa. Safari hii Hemedi amekubali kuifunga juu ya gari. Nimeiviringishia mkeka mpya isije ikachubuka. Mkeka usirudishe.

Rukia Salumu


Rahaleo, Mtwara
27 Septemba 2024

Mama yangu, shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu kwa ile niliyokunyima siku niliyoondoka.

Picha imefika. Niliufungua mkeka nikaona ulivyousuka, ukili kwa ukili. Nimekuumiza na naona haya. Unisamehe, Mama. Swali lako nimelirudia mara nyingi. Nimewaza hata hao mbuzi niliowalaza kizingitini, nikajiuliza kama ningewalaza kwenye mlango wa bibi yangu mimi.

Nimeamua. Jumba ni jeupe, nimeliona kwa macho yangu, na picha itakuwa nyeupe. Leo baada ya vipindi nimeanza na mlango mkubwa, na nitaendelea kila jioni mpaka ukuta wa mwisho. Mtini nitaufunika, nyufa nitazifunika, mbuzi watafuata. Ikikauka italetwa kwako itundikwe sebuleni. Haitawahi ugeni wa kesho, lakini itawahi harusi, inshallah, kama mnavyosema ninyi.

Katibu wa maonyesho nitamwambia ukuta wangu ampe Elisha. Usinihurumie, nimeamua kwa moyo mweupe, tena siku hizi kila kitu kwangu ni cheupe.

Kesho nitakuwa nakuombea kanisani kwa namna yetu. Mzee Hamisi akuulize hali kwanza.

Mwanao, ukinikubali,
Modesta


Namtumbuli
29 Septemba 2024

Mwalimu Modesta, shikamoo.

Ni mimi Sharifa. Mama amegoma kuandika, anasema hana uso. Nitakueleza haraka maana Hemedi anapiga honi.

Jana wageni walikuja. Wakala pilau, wakala pweza, wakasifu. Mzee Hamisi akasema, "Haya, tuonyesheni hilo Jumba." Tukaenda wote. Mwalimu, lilikuwa linameta mpaka watu wanafumba macho. Mzee akalizunguka lote, mikono nyuma. Akaweka kidole ukutani, kidole kikatoka cheupe, akakiinua wenzake wakione, utadhani amekamata mwizi.

Akamwambia Mama, "Jengo zuri sana hili. Mmelimaliza lini?"

Mama akasema, "Kabla ya Mjerumani, kaka yangu."

Mzee akasema, "Na chokaa hii mbichi? Kwani Mjerumani ameondoka juzi?"

Watu wa Nanyamba wakacheka. Mama hakucheka. Akaeleza habari za mtini, za nyufa, za mbuzi. Mzee akauliza, "Uko wapi huo mtini?" Hakuna. "Ziko wapi nyufa?" Hakuna. Wazee wetu wakashuhudia, akasema hao ni ndugu zenu, watasema nini? Mwisho akasema, "Mimi niliambiwa nakuja kwa watu wa jumba la kale. Nimeonyeshwa jengo la mwaka huu. Kama hili mmelitia chumvi, sijui mengine." Nassoro alikuwa anatazama viatu vyake na mimi natazama vyangu. Watarudi Jumamosi kutoa neno.

Mama akaruka kwa furaha ghafla, akasema, "Picha! Picha ya mwalimu!" Maana hakuna kingine kinachoonyesha Jumba lilivyokuwa. Mimi nina picha nyingi za pale kwenye simu, lakini zote nimejaa mimi, Jumba linachungulia sikioni. Halafu leo Hemedi akaleta barua yako. Mama akasoma pale unaposema umeanza kuipaka nyeupe, akakaa chini barazani, mguu huku mguu kule, na hajainuka.

Nimepiga simu yako haipatikani. Mwalimu, nampenda yule kijana. Popote brashi ilipofika, iweke chini!

Sharifa


Rahaleo, Mtwara
1 Oktoba 2024

Sharifa mdogo wangu, na Mama, shikamoo.

Hemedi alipogonga mlango brashi ilikuwa mkononi. Nimesoma barua nimesimama, kisha nikakaa sakafuni, na mimi mguu huku mguu kule.

Mlango mkubwa ulikuwa umekwisha. Tao la kwanza na nguzo yake navyo vimekwisha, vyeupe pe. Nimejaribu kukwangua kwa kisu, ikatoka nyeupe na ya chini yake pamoja. Rangi ya mafuta haivuliwi kama kanga. Nikaanza kulia, nikaona kulia kwangu mwaka huu kumezidi, nikanyamaza nikatazama.

Nusu ya Jumba nyeupe. Nusu ya pili kama nilivyoiacha Julai, mtini wake, nyufa zake, ukungu wake wa kijani. Na katikati, pale brashi ilipoishia, mstari umepinda kama unavyopinda mstari wa mtu anayepaka ukuta akiwa juu ya ngazi. Mama, ilikuwa kama kazi inaendelea. Palikosekana watu tu.

Nimewaweka. Sijalala vizuri tangu jana, na leo wanafunzi wamenipa pole wakidhani naumwa. Kina mama wako juu ya ngazi, mmoja anachovya, mmoja anapokea ndoo. Yule dada yako mnene anauendea mtini na panga. Pwani kuna moshi wa makombe. Beberu wa Bakari nimemwacha, ila sasa anatimua mbio kutoka kizingitini, na anayemkimbiza na ufagio ni wewe. Wale wachungaji wanaojilalia sikuwapa nafasi, hapakuwa na mtu hapo kijijini aliyekuwa amelala.

Na niseme hili. Ni picha nzuri kuliko ile niliyoililia. Nikiitazama nacheka peke yangu chumbani. Nilikuwa nasema nachora ninachokiona, kumbe asubuhi zote zile mlikuwa mnapita mbele yangu na kuni na ndoo, nami nawasubiri mpite ili nione ukuta.

Mzee akitaka uzee wa Jumba, upo kulia. Akitaka kujua chokaa imetoka wapi, imo kushoto. Hemedi ataichukua Ijumaa. Bado ni mbichi, kwa hiyo isimame wima, mtu asiiguse, na nzi akinata aachwe.

Nawaombea. Utadhani naposwa mimi.

Modesta


Namtumbuli
6 Oktoba 2024

Mwalimu mwanangu, Modesta mwanangu, marahaba zote tatu unazonidai.

Hemedi alifika Ijumaa jioni akiendesha kama amebeba mayai. Nzi wawili walikuwa wamenata mawinguni, nimewaacha, watu wanadhani ni ndege. Nikajitafuta kwenye picha nikajiona. Nikawauliza kina mama, kweli ndivyo nilivyo kwa nyuma? Wakasema ndivyo, tena mwalimu amekuhurumia. Tulipiga vigelegele mpaka Bakari akaja na rungu akidhani tumevamiwa.

Jana wakaja. Mzee Hamisi hakukaa hata kwenye kiti. Alisimama mbele ya picha, akavaa miwani, akaanza kuniuliza, huyu nani? Nikamtajia. Na huyu wa kwenye ngazi? Nikamtajia, binti ya nani, mjukuu wa nani, kutoka kwa nani wa Bibi Somoe. Kila mwanamke uliyemchora alikuwa amesimama mlangoni, akitajwa anaitikia. Akauliza ng'ombe ni wa nani, nikasema hao wageni, wanatoka Njombe.

Akataka picha ipelekwe Jumbani. Vijana wawili wakaishika, akawa anaitazama, anautazama ukuta, anairudia. Akafika pale palipokuwa na mtini, akaweka kiganja, akakuta chokaa bado baridi, haijakauka kwa ndani. Akapiga ukuta kwa kidole chake kikavu, akasikiliza. Sharifa alinishika mkono mpaka pete ikaniumiza.

Mzee akaniambia, "Dada, mawe haya ni ya zamani sana."

Nikasema, "Ndiyo, kaka."

Akazunguka nyuma, nikasikia anauliza, "Na huku mbona hamkupaka?" Maana ule ukuta wa nyuma unaotazama mtoni tuliuacha, tukisema nani atapita huko. Nikamwambia chokaa ipo, magoti ndiyo yaliyokwisha.

Kabla sijaendelea, nisije nikasahau. Picha ni ya ukuta wako wa Novemba, usithubutu kumpa huyo Elisha. Siku ya maonyesho tutakuja sote na gari la Hemedi, tutasimama karibu yake ili watu watulinganishe. Harusi ni Desemba, korosho zikishauzwa, na wewe utakaa upande wetu.

Sasa sikiliza. Mzee aligeuka kwa wanawake aliokuja nao, dada zake na binti zao, akawaambia maneno machache ya Kimakonde. Wakatazamana. Kisha wakavua viatu, wakajifunga kanga viunoni, wakaniomba ndoo. Mwanangu, nilikwambia kwetu wanaopaka nyumba ya mama wa binti ni wanawake wa ukoo wake tu. Mgeni hashiki brashi hata iweje. Mshenga alikuwa amejiandaa kutoa hotuba, akaikunja akaitia mfukoni.

Nikachukua brashi nikasimama katikati yao. Nikanyoosha mkono mara moja tu, machozi yakaja, nikajifuta kwa mkono wenye chokaa, chokaa ikaingia machoni, nikalia mara mbili. Kanga imenianguka kichwani, pua inatiririka, uso una mabaka meupe, na mama mkwe wa mwanangu ananishika kidevu ananipulizia jicho, na sote wawili tunacheka na tunalia mbele ya kijiji kizima. Nilikuwa na sura mbaya kuliko gofu lolote ulilowahi kuliona.

Njoo uichore.

Mama yako,
Rukia Salumu